Daftari la .com: Namna Kampuni ya Network Solutions Ilivyokua



Ndugu msomaji, sisi tunaosoma biashara tumefundishwa darasani kwamba kampuni hukua kwa kutengeneza kitu bora kuliko wenzake, au kwa kukiuza nafuu kuliko wao. Sikatai, mifano ya hayo ipo tele. Lakini katika somo la toleo hili nataka tuitazame kampuni ya Marekani iliyokua kwa njia nyingine. Kitu ilichokuja kukiuza haikukibuni yenyewe, na kwa miaka sita ya mwanzo haikuwa na mshindani katika kazi hiyo. Ilikabidhiwa daftari ilitunze kwa niaba ya umma, na daftari lile likageuka mgodi. Kampuni yenyewe ni Network Solutions, na daftari ni orodha ya majina ya intaneti yanayoishia na .com.

Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu humu chuoni tuna vibiashara vyetu. Huyu anauza abaya na mitandio, yule anatengeneza tovuti za shule, na kila mwaka tunalipia jina la .com bila kujua fedha ile inaishia wapi. Ya pili ni kwamba hadithi hii bado haijaisha. Makubaliano yaliyoandikwa kabla wengi wetu hatujazaliwa ndiyo yanayogusa hadi leo bei tunayolipa.

Tuanze na istilahi. Katika Kiswahili sanifu jina la namna hii huitwa jina la kikoa. Hapa Kampala watu husema domeini tu, nami nitatumia yote mawili. Kompyuta zenyewe hutafutana kwa namba. Jina limewekwa kwa ajili yetu wanadamu, kwa kuwa sisi hatuwezi kukariri namba za kila tovuti. Ukiandika jina, kompyuta yako huuliza seva fulani: jina hili ni namba ipi? Jibu likija, safari inaendelea.

Mfano ulio karibu nasi ni ofisi ya ardhi. Kiwanja hakikimbii, lakini ukitaka kujua ni cha nani unakwenda kutazama daftari. Anayelishika daftari hilo halimi wala hajengi, na bado hakuna anayeweza kuuza au kujenga bila kupita kwake. Katika domeini wapo watu watatu. Yuko mwenye jina, yaani wewe. Yuko msajili, ambaye ndiye duka unakolipia. Na nyuma yake yuko mtunza daftari, anayeshika orodha nzima ya majina yenye mwisho mmoja, kama .com au .ug. Msajili anauza rejareja, mtunza daftari anauza jumla. Tena hununui jina moja kwa moja. Unalikodi, kuanzia mwaka mmoja hadi miaka kumi, kisha unalipia upya. Naomba tofauti hii ya msajili na mtunza daftari uishike vizuri, maana somo zima limesimama juu yake.

Zamani daftari lilikuwa faili moja tu. Liliitwa HOSTS.TXT na lilitunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI, mji wa Menlo Park, California, katika ofisi iliyoongozwa na mama mmoja, Elizabeth Feinler. Aliyetaka kompyuta yake iingizwe aliwasiliana na ofisi ile, na wenzake wakaliongeza jina lake kwa mkono. Mtandao ulipopanuka faili likawa halibebeki. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, akiwa Chuo Kikuu cha Southern California, alibuni mfumo wa majina tunaoutumia hadi leo, ambamo daftari limegawanywa ngazi kwa ngazi. Jina la kwanza la .com, symbolics.com, liliandikishwa tarehe 15 Machi 1985. Hadi mwaka ule unakwisha, majina ya .com yalikuwa sita. Kuandikisha kulikuwa bure, kwa sababu gharama ilibebwa na serikali ya Marekani kupitia jeshi.

Sasa tuje kwenye kampuni. Network Solutions ilianzishwa mwaka 1979 katika eneo la Washington na Emmit McHenry pamoja na wenzake. McHenry ni Mmarekani Mweusi, na hili nalitaja kwa makusudi, kwa kuwa katika simulizi za intaneti jina lake halisikiki sana. Ilikuwa kampuni ya kuunganisha mifumo ya kompyuta, ikiishi kwa zabuni za mashirika na za serikali. Mwaka 1991 kazi ya kutunza majina ilihamishwa kutoka SRI ikapewa kampuni nyingine, nayo ikaikabidhi Network Solutions kama mkandarasi mdogo. Kisha Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, NSF, likaingia makubaliano na Network Solutions moja kwa moja, ya miaka mitano, kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Huduma nzima iliitwa InterNIC na iligawanywa kwa kampuni tatu: AT&T ilipewa sehemu moja, General Atomics nyingine, na Network Solutions ikabaki na usajili wa majina. Wakati ule sidhani kama kuna aliyewaonea wivu. Kusajili kulikuwa kazi ya karani, na mlipaji alikuwa NSF.

Kwamba hata makampuni makubwa hayakujua thamani ya majina haya kunaonyeshwa na kisa cha mwandishi wa habari Joshua Quittner. Mwaka 1994 alipiga simu kwa McDonald's, ile kampuni ya vyakula, akiwauliza kama wameandikisha mcdonalds.com. Hawakumwelewa anazungumzia nini. Basi akaliandikisha yeye mwenyewe, bure, akaandika makala kulihusu. Baadaye aliwarudishia, kwa sharti kwamba wachangie shule moja ya umma huko Brooklyn ipate intaneti. Wangekutana na mtu mwenye tamaa, hesabu ingekuwa nyingine.

Kufikia 1995 maombi yalikuwa yanamiminika, na fedha za NSF hazikuandaliwa kwa wingi ule. Machi mwaka huo kampuni kubwa ya zabuni za serikali, SAIC ya San Diego, iliinunua Network Solutions kutoka kwa waanzilishi wake. Bei iliyoripotiwa ni dola milioni 4.7. Miezi sita baadaye, tarehe 14 Septemba 1995, makubaliano na NSF yakarekebishwa. Kuanzia siku hiyo kila jina jipya likatozwa dola 100 kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha dola 50 kila mwaka. Waliokuwa na majina ya zamani nao wakaingizwa kwenye ada ya dola 50.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Tazama kilichobadilika na ambacho hakikubadilika. Kompyuta zilikuwa zile zile, kazi ile ile, na daftari lile lile lililoanzishwa kwa fedha za umma. Kilichoongezeka ni kipengele kimoja katika mkataba. Siku ya tarehe 13 Septemba kampuni ilikuwa karani anayelipwa na serikali. Kesho yake ilikuwa na haki ya kumtoza kila mtu duniani aliyetaka jina la .com, na hakuna popote pengine ambapo mtu huyo angeweza kwenda. Idadi ya majina ilivuka milioni moja mwaka 1997. Piga hesabu mwenyewe: majina milioni moja kwa dola 50 ni dola milioni 50 kwa mwaka. Asilimia 70 ilibaki kwa kampuni, na asilimia 30 ikawekwa katika mfuko wa kuendeleza intaneti. Mfuko huo nao ulizua kesi. Mwaka 1998 jaji mmoja wa Washington aliamua kwamba ile asilimia 30 ni kodi ambayo Bunge halikuiidhinisha. Bunge likaihalalisha, lakini makato yale yakaondolewa, na kuanzia Aprili 1998 bei ikashuka kuwa dola 35 kwa mwaka.

Mapato ya kampuni yalikuwa takriban dola milioni 45 mwaka 1997, na mwaka uliofuata yakazidi maradufu. Septemba 1997 iliingia soko la hisa la Nasdaq kwa dola 18 kila hisa. SAIC ilibaki na sehemu kubwa, na ilipouza baadhi ya hisa zake Februari 1999 ilikusanya mamia ya mamilioni. McHenry na wenzake hawakuwamo tena.

Pamoja na fedha zote hizo, huduma ilikuwa ikilalamikiwa. Tarehe 17 Julai 1997 faili la majina ya .com na .net lilitoka na kasoro. Mfumo ulitoa tahadhari, mfanyakazi wa zamu hakuijali, na faili likasambazwa kwenye seva za dunia nzima. Kwa saa kadhaa tovuti nyingi hazikupatikana. Mwezi huo huo bwana mmoja aitwaye Eugene Kashpureff, aliyekuwa na mpango wake wa majina ulioitwa AlterNIC, aliupinga ukiritimba huu kwa njia ya hila. Aliwapotosha waliokwenda kwenye tovuti ya InterNIC wakajikuta kwenye ya kwake. Alikamatwa Kanada, akarudishwa Marekani, na mwaka 1998 akakiri kosa.

Hata wazee wenyewe wa mtandao walichoka. Januari 1998 Jon Postel, aliyekuwa akisimamia mgawo wa namba na majina tangu enzi za HOSTS.TXT, aliwaandikia waendeshaji wanane wa seva za mzizi akawaomba wachukue taarifa kutoka kwenye kompyuta yake badala ya ile ya Network Solutions. Wakafanya hivyo. Serikali ya Marekani ikamtaka arudishe mambo yalivyokuwa, naye akarudisha, akisema lilikuwa jaribio. Kila mtu alielewa ni jaribio la nini. Oktoba mwaka huo Postel alifariki, wiki chache tu baada ya kuundwa kwa ICANN, shirika lisilo la faida lililopewa kazi ya kusimamia majina.

Kabla sijaendelea na ICANN kuna kesi moja nataka wanafunzi wa sheria waisome. Inahusu jina ambalo sitaliandika katika gazeti letu kwa uchafu wake, na anayesoma sheria atalipata kwa jina la kesi, Kremen dhidi ya Cohen. Mwaka 1994 Gary Kremen aliandikisha jina hilo bure. Mwaka uliofuata Stephen Cohen aliipelekea Network Solutions barua ya kughushi, ikidai imetoka kwa kampuni ya Kremen, kwamba jina limeachwa na sasa apewe Cohen. Barua ilieleza kwamba kampuni inaandika karatasi kwa sababu haina intaneti. Kampuni yenyewe iliitwa Online Classifieds, yaani matangazo ya mtandaoni! Network Solutions haikumpigia Kremen hata simu moja. Ikamwandika Cohen.

Kremen alihangaika mahakamani miaka mitano hadi akarudishiwa jina, na mwaka 2001 akashinda dola milioni 65 dhidi ya Cohen, ambaye alikuwa ameshakimbia nchi. Akaigeukia kampuni. Utetezi wa Network Solutions ulikuwa kwamba Kremen hakulipa chochote, kwa hiyo hakuna mkataba, na kwamba jina si mali ya kushikika ambayo mtu anaweza kunyang'anywa. Julai 2003 mahakama ya rufaa ilikubali la kwanza na kukataa la pili. Ilisema domeini ni mali, na aliyeitoa kwa mtu asiyestahili anaweza kushtakiwa kama ghala lililotoa mzigo kwa mwizi. Mwishowe pande mbili zikaelewana nje ya mahakama.

Kesi hii hainishangazi sana, kwa sababu nimeona mdogo wake hapa hapa. Jumuiya moja ya wanafunzi ninayoifahamu ililipa fundi awatengenezee tovuti. Fundi akaliandikisha jina kwa barua pepe yake mwenyewe. Alipohama mji, taarifa za kulipia upya zikawa zinamfikia yeye, hakuzijali, na jina likaisha muda. Viongozi wapya walikuwa na risiti, na risiti haikuwasaidia, kwa kuwa daftari halisomi risiti. Linasoma jina la aliyeandikwa. Kwa hiyo ukimlipa mtu akusajilie, hakikisha mmiliki aliyeandikwa ni wewe au jumuiya, na barua pepe iwe ya ofisi, isiwe ya mwenyekiti anayemaliza muda mwakani. Jina la .com likiisha muda, msajili anaweza kukuvumilia hadi siku 45. Zikipita kuna siku 30 ambazo unaweza kulikomboa kwa faini, na faini hiyo huwa inauma. Baada ya hapo zinabaki siku tano, na mlango unakuwa wazi kwa yeyote.

Turudi 1999. ICANN na serikali ya Marekani zilitaka ushindani, na njia waliyoichagua ilikuwa kumgawanya Network Solutions sehemu mbili kwenye vitabu: duka la rejareja upande mmoja, daftari upande wa pili. Aprili mwaka huo wasajili watano walichaguliwa kwa majaribio, wakiwemo Register.com, Melbourne IT ya Australia na America Online. Baada yao wakafuata wengine kwa makumi, kisha kwa mamia. Kila mmoja angeuza .com kwa bei anayotaka, ila angeilipa Network Solutions bei ya jumla, dola 6 kwa jina kwa mwaka kuanzia 2000. Kwa mnunuzi ilikuwa nafuu kubwa. Mahali ambapo palikuwa na dola 35 sasa ungepata jina kwa chini ya nusu ya hiyo.

Ungedhani kampuni ingeporomoka. Machi 2000, siku chache kabla ya soko la hisa la teknolojia kuanguka, kampuni ya VeriSign ya California, iliyokuwa ikiuza vyeti vya usalama wa mtandao, ilitangaza kuinunua Network Solutions kwa hisa zenye thamani ya takriban dola bilioni 21. Linganisha na zile milioni 4.7 za miaka mitano nyuma: ni zaidi ya mara elfu nne. Hadi mauzo yanakamilika Juni, hisa zilikuwa zimeshashuka, na mwaka 2001 VeriSign ikalazimika kufuta karibu dola bilioni 10 katika hesabu zake, sehemu kubwa ikitokana na ununuzi huu. Wanafunzi wa uhasibu watakuwa wameshakutana na mfano huu chini ya mada ya nia njema ya biashara.

Lakini tazama VeriSign ilichofanya baadaye. Mwaka 2003 iliuza lile duka la rejareja, pamoja na jina lake la Network Solutions, kwa mwekezaji binafsi, kwa takriban dola milioni 100. Daftari la .com ikabaki nalo. Kwa maoni yangu hakuna namba katika hadithi hii inayofundisha kuliko hiyo. Duka lilikuwa na wateja, jina maarufu, na historia ndefu kuliko washindani wote, na bei yake ikawa milioni 100. Vingine vyote vya thamani vilikuwa ndani ya daftari.

Kilichowapata wawili hawa baada ya kutengana kinathibitisha hilo. Duka liliingia kwenye msukosuko wa ushindani. Mwaka 2005 GoDaddy, iliyoanza kusajili majina miaka mitano tu nyuma, ilikuwa imeshakuwa msajili mkubwa zaidi duniani. Network Solutions ikatafuta mbinu, na nyingine zilikuwa za aibu. Januari 2008 iligundulika kwamba ukitafuta kwenye tovuti yao kama jina fulani liko wazi, wao hulishika kwa siku nne, ili usiweze kulinunua kwingine ambako ni nafuu. Walisema wanamlinda mteja dhidi ya wavamizi wa majina. Wateja hawakuomba ulinzi huo. Mwaka 2011 Web.com ikainunua.

Daftari, kwa upande wake, halijui msukosuko. Kosa kubwa la VeriSign lilikuwa Septemba 2003, ilipoweka utaratibu ulioitwa Site Finder. Mtu akikosea kuandika jina la .com ambalo halipo, badala ya kuambiwa halipo, alipelekwa kwenye ukurasa wa VeriSign wenye matangazo. Fikiria karani wa ardhi ambaye ukimuuliza kiwanja kisichokuwepo anakuonyesha duka lake. Programu nyingi za barua pepe zilivurugika, kwa sababu zilitegemea jibu la "halipo" kutambua barua za uongo. ICANN ilitishia hatua za kisheria na baada ya wiki tatu utaratibu ukasimamishwa. Hakuna msajili wa kawaida angeweza kufanya jambo lile hata akitaka.

Leo .com ina majina zaidi ya milioni 150. Verisign, ambayo sasa huandika jina lake kwa herufi kubwa moja tu, ilipata mapato ya takriban dola bilioni 1.49 mwaka 2023 ikiwa na wafanyakazi wasiofika elfu moja. Bei ya jumla ilikuwa dola 7.85 kwa miaka mingi, kwa amri ya serikali ya Marekani. Mwaka 2018 serikali hiyo ililegeza, ikaruhusu nyongeza ya hadi asilimia 7 katika miaka minne ya mwisho ya kila kipindi cha miaka sita. Nyongeza zikaja moja baada ya nyingine: 8.39 mwaka 2021, kisha 8.97, kisha 9.59, na kuanzia Septemba 2024 dola 10.26. Dada anayeuza mitandio akilipia jina lake kwa wakala wa hapa Kampala kwa pesa ya simu, dola hizo kumi na senti zake zinakwenda Virginia kwanza. Kinachobaki ndicho wakala na msajili wanagawana.

Kwa uadilifu lazima nitaje na hoja ya upande wa pili. Verisign hujivunia kwamba tangu 1997 mfumo wa .com haujawahi kuzimika hata mara moja, na hilo si jambo dogo. Seva zake zinajibu mabilioni ya maswali kila siku, nasi hatujui hata kama zipo. Mtu wa kawaida hawezi kusema dola kumi kwa mwaka zimemfilisi. Swali langu ni kuhusu njia: kazi ya kutunza .com haijawahi kutangazwa zabuni ya wazi tangu 1993. Mkataba na ICANN una kipengele kinachoufanya uongezwe muda kila unapokwisha, isipokuwa Verisign ivunje masharti makubwa. Na yale makubaliano na serikali ya Marekani, yaliyoanza na NSF tarehe 1 Januari 1993, ni yale yale hadi leo, yakiwa na namba yake ile ile, yamehamishiwa tu Wizara ya Biashara na kurekebishwa mara zaidi ya thelathini.

Kuna njia nyingine za kushika daftari. Majina ya .org yalitolewa mikononi mwa VeriSign mwaka 2003 na kupewa shirika lisilo la faida. Kila nchi nayo ina mwisho wake, na huko kila mtu alianza kivyake. Daftari la .ug liko kwa kampuni binafsi hapa Kampala. Majirani zetu wa Rwanda walikuta .rw ikisimamiwa kutoka nje ya nchi yao, wakadai, na mwaka 2012 ICANN ikaidhinisha ihamishiwe RICTA, chombo cha huko huko Kigali. Mwenye kutafuta mada ya tasnifu ya shahada ya kwanza, hapo pana kazi ambayo haijafanywa vya kutosha: kulinganisha bei, huduma na uwajibikaji wa watunza daftari wa Afrika Mashariki.

Novemba 2024 Seneta Elizabeth Warren na mbunge Jerry Nadler waliwaandikia viongozi wa serikali ya Marekani wakitaka bei ya .com ichunguzwe. Serikali ilieleza wasiwasi wake juu ya bei hiyo, kisha makubaliano yakaongezwa muda kama kawaida. Mkataba wa sasa wa .com unakwisha tarehe 30 Novemba 2030.